Muhuri wa Namba ya Kumi

Juma lililopita tulimwacha Cyprian Rwekaza ameduwaa mbele ya kompyuta yake, ghorofa ya sita, barabara ya Don Mills, jijini Toronto. Ilikuwa Ijumaa, saa tano na dakika tano asubuhi. Mkono wake ulikuwa juu ya simu ya mezani. Macho yake yalikuwa juu ya namba.

Namba ya kumi. Namba ya mwisho katika orodha. Iliishia na nne, moja, saba.

Ndiyo ile ile! Ndiyo namba aliyoiona katika simu ya mkewe, Otilia, juma lile alilokaa nyumbani kwa mafua. Iliita mara tatu, siku tatu, kila siku saa nne asubuhi. Kila ilipoita, Otilia aliichukua simu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Na kila ilipoita, pembeni mwa namba ilimeta alama ndogo ya kijani.

Alama hiyo, msomaji, haiji bure. Watu wa Kanada wamechoshwa na simu za mashine zinazovaa namba za uongo, leo zikijifanya benki, kesho zikijifanya polisi. Kwa hiyo sheria inataka kila simu iingie na shahidi wake. Kampuni inayoileta ni lazima itamke iwapo inamjua anayepiga. Simu ya daraja la kwanza ni ile ambayo mpigaji anajulikana, na namba inajulikana kuwa ni yake. Daraja la pili, mpigaji anajulikana lakini namba ina shaka. Daraja la tatu ni simu iliyopita tu njiani, haina wa kuisemea, na mara nyingi huzuiwa mlangoni.

Kampuni za simu za ng'ambo hazizijui taratibu hizi. Hapo ndipo mzee Alnasir anapopata riziki yake. Ofisi yake huzikagua kampuni hizo, huzijazia fomu, na huzitilia muhuri. Na anayetia muhuri, kwa mwaka wa tisa sasa, ni Cyprian.

Mmeelewa basi kilichomchoma? Mwanamume fulani alikuwa akimpigia mkewe kwa njia safi, iliyothibitishwa, ya daraja la kwanza. Na muhuri ulikuwa wa Cyprian mwenyewe!

Namba hiyo ilikuwa miongoni mwa namba elfu nne za Ziwani Telekom ya Bukoba. Miezi mitatu iliyopita ombi lao lilimfikia Cyprian kutoka kwa Elinaza, mkuu wa mitambo wa Ziwani, ambaye walisoma pamoja shule ya msingi. Cyprian aliliona jina la Bukoba, moyo ukajaa, akasema, "Hawa ni watu wa nyumbani." Akawapa muhuri wa muda bila kumpigia hata mteja mmoja. Kwa Mreno asingefanya hivyo. Kwa Mhindi asingefanya hivyo. Kwa watu wa nyumbani alifanya.

Leo siku tisini za muhuri huo zilikuwa zinakwisha, saa sita kamili za mchana. Mashine ilikuwa imechagua namba kumi. Cyprian alipaswa kuwapigia wenyewe na kuyasikia majina yao kwa sauti. Wote kumi wakithibitika, muhuri unakuwa wa kudumu. Mmoja akikosekana, njia ya Ziwani inafungwa, kwenda na kurudi, kwa siku tisini nyingine.

Tisa walikuwa wamethibitika. Na nyuma ya ukuta wa kioo, akinywa chai kwa utulivu, alikaa mwakilishi wa Ziwani aliyesafiri kutoka Bukoba kuja kuushuhudia ukaguzi.

Jina lake Evans. Alivaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Naye, kabla Otilia hajaondoka Tanzania, ndiye aliyekuwa mchumba wake.

Cyprian aliinuka, akaenda kwenye kile chumba cha kioo na karatasi mkononi.

"Bwana Evans. Hii ya nne, moja, saba ni ya nani?"

Evans aliitazama karatasi. Uso wake ukabadilika.

"Hiyo iruke, ndugu yangu. Iombe mashine ikupe nyingine."

"Niiruke kwa sababu gani?"

"Nakuomba tu."

"Unaniomba kwa niaba ya nani?"

Evans alitoa simu mfukoni, akaandika maneno machache, akairudisha. Lakini Cyprian alikuwa amekwisha kuliona jina la aliyeandikiwa.

Otilia!

Cyprian alirudi mezani pake. Hakuinua simu. Hakubonyeza namba hata moja. Mbele ya namba ya kumi aliandika: "Amepigiwa. Hakupokea. Hakuthibitika."

Kwa miaka tisa hakuwa ameandika uongo katika faili la mtu. Siku hiyo aliandika maneno matatu ya uongo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa siku zote.

Haikupita nusu saa mlango ukafunguliwa. Aliingia mzee Alnasir, mwana wa muuza vitambaa wa Mwanza, mwenye umri wa miaka sabini na tatu, ambaye Kiswahili chake hakikuzeeka pamoja naye. Nyuma yake alikuja binti yake, Nilofar, mtunza orodha ya majina. Evans naye alifuata.

"Bwana Cyprian," alisema mzee, "nimeona hapa kwamba watu elfu nne watakatiwa njia kwa sababu ya mtu mmoja."

"Ndivyo utaratibu ulivyo, mzee."

"Utaratibu niliuweka mimi. Sitii muhuri juu ya mtu nisiyemsikia sauti, wala simkatai mtu nisiyemsikia sauti. Huyu umempigia?"

"Nimempigia."

Mzee alimgeukia binti yake.

"Nilofar, mwanangu, mashine inasema zimetoka simu ngapi asubuhi ya leo?"

Nilofar aliinama juu ya kompyuta. "Tisa, Baba."

"Hesabu tena."

"Ni tisa, Baba. Mjomba Cyprian hakupiga ya kumi."

Cyprian alihisi masikio yake yakiwaka moto. Badala ya kuomba radhi, kama mtu mzima alivyopaswa, alimnyooshea Evans kidole.

"Namba hiyo ni yake! Humpigia mke wangu! Saa nne kila siku, mimi nikiwa kazini, yeye humpigia mke wangu!"

"Astaghfirullah," alisema mzee Alnasir kwa sauti ya chini.

Evans alitabasamu bila furaha. "Ungepiga, ungejua ni ya nani."

"Mimi nakujua wewe. Barua ya posa uliyoipeleka Songea kwa wazazi wake umeisahau?"

"Sijaisahau. Ilirudishwa. Mimi nilirudishiwa barua, wewe ukapewa mke. Kati yetu, nani alipaswa kumwonea mwenzake wivu?"

Cyprian alimwendea. Nilofar akasukuma kiti katikati yao. Na hapo hapo sauti ya mwanamke ikasikika kutoka mlangoni, ikihema kama ya mtu aliyepanda ngazi kwa kuchoka kuisubiri lifti.

"Baba Kisa! Usipige namba hiyo!"

Alikuwa Otilia. Alivaa koti zito juu ya gauni la kitenge la nyumbani. Alikuwa amekodi teksi kutoka Regent Park bila hata kufunga kamba za viatu.

Saa ya ukutani ilionyesha tano na dakika thelathini na nane.

"Umefikaje hapa?" aliuliza Cyprian.

"Evans amenitumia ujumbe."

"Evans amekutumia ujumbe! Mzee, umesikia? Mimi mumeo siku tatu hunijibu swali moja, lakini Evans akiandika neno unavuka mji mzima!"

"Nakuomba tutoke nje, tuzungumze."

"Zungumza hapa. Unamkinga nani?"

"Nilimwahidi kwamba sitakwambia."

"Ulimwahidi nani?"

Otilia alimtazama Evans. Mtazamo huo mmoja ulimuumiza Cyprian kuliko lolote alilolisikia siku hiyo. Kisha mkewe akasema:

"Baba yako."

Cyprian alikaa kitini pasipo kujua kwamba amekaa.

Hapa yafaa msomaji mpya aelezwe jambo ambalo wengine walilisoma mwanzoni. Mama yake Cyprian alifariki Bukoba miaka kumi na mmoja iliyopita. Cyprian, mwana wa pekee, hakwenda kumzika. Karatasi zake za ukaazi hazikuwa tayari, na aliogopa kwamba akitoka Kanada hataruhusiwa kurudi. Msalaba, ambao mwana huubeba mbele ya jeneza, ulibebwa na mtu mwingine, na Cyprian hakupata kuuliza ni nani. Baada ya mazishi baba yake, Mwalimu Laurian, alimpigia mara moja tu. Alimwambia: "Kama hukuja kumzika mama yako, usinipigie simu." Tangu siku hiyo kila mmoja alibadilisha namba yake, na kila mmoja aliishika hasira yake.

"Alinipigia mwezi wa saba," alisema Otilia. "Alisema yeye ni Mwalimu Laurian, baba mkwe wangu. Alisema hasira yake haijaisha, lakini anataka kuijua familia yako kidogo kidogo. Akaniapisha nisikwambie mpaka atakapokuwa tayari. Evans alipokuja Jumatatu nilimpigia, nikamsihi, nikamwambia kama namba hiyo itatokea katika orodha yenu, amwombe Baba Kisa airuke. Basi. Hilo ndilo kosa langu."

"Ndiyo hiyo tu, ndugu yangu," alisema Evans. "Niliona si haki baba na mwana wakutane kwa simu ya ukaguzi."

Mngetarajia Cyprian afurahi. Mke wake alikuwa mwaminifu! Mchumba wa zamani hakuwa na hatia! Lakini wivu haukumtoka. Ulihama tu kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

"Miezi mitatu," alisema polepole. "Miezi mitatu wewe unaongea na baba yangu."

"Cyprian..."

"Mimi miaka kumi na mmoja sijasikia hata kikohozi chake. Wewe, mtu wa Songea, hujapata kumwona hata kwa picha, anakupigia saa nne kama mtu anayekunywa dawa! Mlikuwa mkiongea nini?"

"Yeye huniuliza kuhusu Kisa. Huniuliza kuhusu kazi yako. Sana sana kazi yako. Nilidhani ni fahari ya mzazi."

"Huulizia habari zangu kwako, badala ya kuniuliza mimi!"

"Afadhali ningekuwa na mwanamume kweli," alisema Otilia, machozi yakimlengalenga. "Huyo ungejua jinsi ya kumchukia."

Mzee Alnasir aligonga meza kwa kifundo cha kidole.

"Mama Kisa, nakuheshimu. Bwana Cyprian, nakuheshimu kidogo kuliko nilivyokuheshimu jana. Saa inakwenda. Baba yako ni mteja wa Ziwani kama wateja wengine. Piga, na sote tusikie."

Tano na dakika arobaini na nne. Bukoba ilikuwa yapata saa moja kasoro jioni. Cyprian alibonyeza namba moja moja. Simu ya mezani iliita kwa spika mara nne.

"Haloo. Nani anayepiga?"

Sauti ilikuwa kavu na iliyonyooka. Cyprian aliitambua kabla ya neno la pili. Alishika karatasi yake ya maswali kama mwanafunzi.

"Naomba kujua jina la mwenye..."

"Nimeuliza nani anayepiga. Anayepiga ndiye hujitaja kwanza. Hamfundishwi hivyo huko mliko?"

"Huyo amesema sheria yote ya Kanada kwa sentensi moja," alinong'ona mzee Alnasir.

Cyprian alifumba macho. "Ni Cyprian."



"Cyprian yupi?"

"Cyprian Rwekaza. Mwanao."

"Unapiga kwa jambo gani?"

"Kwa kazi, baba. Ninapaswa kukuuliza maswali matatu."

"Uliza."

"Jina lako kamili."

"Laurian Rwekaza. Mwalimu mstaafu."

Nilofar alitazama orodha yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Namba hii ni yako peke yako?"

"Ni yangu. Hakuna anayeigusa."

"Katika siku tisini zilizopita, umeitumia kupiga Kanada mara ngapi?"

"Hata mara moja."

Otilia aliinua kichwa.

"Tafadhali kumbuka vizuri, baba," alisema Cyprian.

"Kumbukumbu yangu haina kasoro. Kanada ningempigia nani? Wewe nilikukataza kunipigia, na namba yako siijui. Hata Mwanza sipigi. Simu hii mimi huipokea tu."

Otilia alisogea mpaka meza ikamgusa tumboni. "Shikamoo, baba. Ni mimi, Otilia."

"Marahaba. Otilia ni nani?"

"Otilia, baba! Huwa tunaongea saa nne. Mke wa Cyprian."

"Mwanangu," ilisema sauti, na safari hii haikuwa kavu, "sikupata kuambiwa kwamba Cyprian ameoa."



"Tuna mtoto," alisema Cyprian. "Msichana. Anaitwa Kisa. Ana miaka saba."

"Nina mjukuu," alisema Mwalimu Laurian. Akalirudia tena kama mtu asomaye kwa sauti maneno yaliyoandikwa ubaoni. "Nina mjukuu wa miaka saba. Anajua kusoma?"

"Anasoma vizuri, baba. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza."

"Hilo litarekebishwa," alisema Mwalimu.

Otilia alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili. "Basi miezi mitatu hii," alisema, "nilikuwa nikimwita nani baba?"

Na simu yake ya mkononi, iliyokuwa mezani kando ya simu ya ofisi, ikaita.

Sote tulioifuata hadithi hii tangu mwanzo tunaijua namba iliyotokea kwenye kioo. Nne, moja, saba. Alama ya kijani ilikuwa inameta kando yake.

Mwenye namba hiyo alikuwa hapo hapo katika spika, akipumua!

"Msiikate ya Mwalimu," alisema mzee Alnasir. "Mama Kisa, pokea. Weka spika. Mwalimu, nakuomba usikilize tu, usiseme neno mpaka utakapokuwa na la kusema."

Saa ilikuwa tano na dakika hamsini na moja.

"Haloo, baba," alisema Otilia.

"Otilia, mwanangu." Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, yenye kikohozi katikati ya maneno. "Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Leo nina swali dogo tu. Mume wako ameshatia ule muhuri, au bado?"

Kumbe! Hapo ndipo kila mmoja chumbani alipoelewa kwa nini baba mkwe huyo aliipenda sana kazi ya Cyprian. Muhuri wa muda ulikuwa umemwezesha kuivaa namba ya mtu mwingine na kuingia nayo Kanada kama mtu mwaminifu. Kwa muhuri wa kudumu angeweza kuzivaa elfu nne, na kuzigonga nyumba za watu mchana kutwa kwa simu za ulaghai. Naye alimtegea sikio Cyprian kupitia kwa mkewe.

"Bado, baba," alijibu Otilia.

"Mhimize. Mwambie watu wa nyumbani wanamtegemea." Akakohoa tena.

Hapo sauti kavu ikatoka katika simu ya mezani.

"Mimi sikohoi hivyo."

Katika simu ya mkononi kikohozi kikakatika.

"Wewe unayetumia jina langu," alisema Mwalimu Laurian. "Kikohozi hicho nakifahamu. Ulikuwa ukinikoholea nyuma ya ubao darasa la nne, na wenzako wakicheka. Simama wima. Jitaje."

Na jambo la ajabu likatokea. Mtu mzima wa miaka arobaini na nne, aliyekuwa amewadanganya watu wa nchi mbili, alijibu kwa sauti yake halisi, nyembamba, kabla ya kuwaza:

"Elinaza, mwalimu."

Kisha akakata.

Evans aliketi. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Mkuu wangu wa mitambo. Nimekaa naye ofisi moja miaka sita."

"Nami nilikaa naye dawati moja," alisema Cyprian.

"Ndiyo, mlikaa dawati moja," alisema Mwalimu. "Kila nilipotangaza alama, yeye alitazama karatasi yako kabla ya kutazama yake. Nilipaswa kumhamisha. Nilidhani atakua."

Cyprian aliyaona maneno yake matatu yakiwa bado katika faili, "Amepigiwa. Hakupokea," na akajua kwamba hakuwa na haki ya kumcheka mtu yeyote kwa wivu.

Tano na dakika hamsini na sita.

"Bwana Cyprian," alisema mzee Alnasir. "Kumi wote sasa wamethibitika. Kwa hesabu ya fomu, Ziwani wamefaulu. Kitufe kiko mbele yako. Mimi sitakusaidia."

"Tia muhuri," alisema Evans kwa haraka. "Elinaza nitamshughulikia mwenyewe, nakuapia. Usiwaadhibu watu elfu nne kwa ajili yake. Na ufikirie, ndugu yangu. Usipotia, saa sita njia inafungwa. Hata hii unayoongea na mzazi wako. Siku tisini."

"Hana simu nyingine?" aliuliza Nilofar.

"Sina," alijibu Mwalimu mwenyewe. "Cyprian. Muhuri huo unasema nini?"

"Unasema kwamba ninawajua wote wanaopiga, baba. Na kwamba kila mmoja hutumia namba yake."

"Ni kweli?"

"Si kweli. Elinaza bado yuko kwenye mitambo."

"Basi unaniuliza nini?"

"Nisipotia, simu hii itakatika. Sijui kama nitakupata tena. Una miaka themanini na moja."

"Umri wangu naujua."

Otilia alimshika mumewe bega. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Cyprian alisogeza kidole kutoka kitufe cha kijani hadi kitufe chekundu, akakibonyeza mara moja. Kwenye kioo yakatokea maneno: "Ombi limekataliwa. Njia itafungwa saa 6:00."

Kisha akarudi kwenye mstari wa namba ya kumi, akafuta aliyoyaandika, akaandika upya: "Amepigiwa. Amepokea. Ni yeye."

"Nimekataa, baba."

"Vema," alisema Mwalimu Laurian. Katika maisha yake yote ya shule na ya nyumbani, neno hilo alikuwa amelitamka kwa mwanawe mara mbili tu. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Moja."

"Basi nisikilize, usinikatize. Lipo neno la mama yako. Siku ile alipokuwa anakufa alinipa neno lako, akaniagiza nikufikishie mwenyewe, kwa mdomo. Mimi kwa hasira nimelikalia miaka kumi na mmoja. Nimekosa. Mama yako alisema hivi: 'Mwambieni Cyprian kwamba nyumba ile na...'"

Simu ililia mlio mmoja mrefu.

Saa sita kamili.

Cyprian alibonyeza namba tena. Na tena. Na tena. Kila mara mwanamke wa mashine alimjibu kwa upole kwamba njia hiyo haipatikani. Nilofar alianza kulia. Mzee Alnasir aliivua miwani yake, akaishika tu mkononi.

Evans ndiye aliyeinuka. Alizunguka meza, akasimama mbele ya mtu ambaye nusu saa iliyopita alitaka kumpiga.

"Waliokuwapo kitandani kwa mama yako siku ile walikuwa watu wawili," alisema. "Mmoja ni Mwalimu. Neno hilo nililisikia lote."

"Wewe?" alisema Cyprian. "Wewe ulikuwa nani kwa mama yangu?"

Evans alimtazama Otilia kwanza, kisha yeye.

"Mimi ndiye niliyebeba msalaba."